Shilingi Elfu Kumi za Mtoto

 

Watu wa fani yangu huitwa redioni mara moja kwa mwaka, mwezi Juni, Waziri wa Fedha akishasoma hotuba yake Dodoma. Swali huwa lile lile: bia imepanda? Soda je? Petroli? Sina ugomvi na swali hilo, nami nina gari. Lakini leo nimepewa muda na hakuna matangazo ya biashara, kwa hiyo nitazungumzia tarakimu ambayo haikupanda: shilingi 10,000.

Ada ya shule za msingi ilipofutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka 2002, iliahidiwa ruzuku ya dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Dola wakati huo ilikuwa karibu shilingi 1,000, hesabu ikawa nyepesi, ikaandikwa elfu kumi. Mwaka 2016, elimu bila ada ilipofikishwa hadi kidato cha nne, ruzuku ya mtoto wa msingi ikatajwa tena: elfu kumi. Dola ilikuwa imeshavuka shilingi 2,000. Zile dola 10 zilikuwa zimebaki pungufu ya tano, na haikuhitajika mbunge asimame aseme, "Naomba kutoa hoja, tuwakate watoto nusu."

Tuingie ofisini kwa mwalimu mkuu wa shule yenye watoto 600. Katika elfu kumi hizo, elfu nne zilibaki juu kwa ajili ya vitabu. Elfu sita ndizo zilizoingia kwenye akaunti ya shule. Zidisha kwa 600: milioni 3.6 kwa mwaka, yaani laki tatu kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, bawaba ya mlango ulioanguka, mpira, na nauli ya kupeleka takwimu wilayani. Mlinzi naye anasubiri chake mwisho wa mwezi. Ndipo kinapoitishwa kikao cha wazazi, na mchango tulioufukuza mlangoni unarudi kwa kupitia dirishani: wa mlinzi, wa uji, wa madawati.

Kukata huku hakuna jina katika siasa zetu. Mimi nakuita kukata kwa kunyamaza.

Sasa mtazameni anayetudai. Katika bajeti ya 2024/25, iliyokuwa shilingi trilioni 49.35, kulihudumia deni la Serikali kulitengewa trilioni 13.13. Mdai hapigi hodi kila Juni. Ibara ya 141 ya Katiba imeweka deni la taifa chini ya dhamana ya Mfuko Mkuu wa Hazina, na deni la dola hulipwa kwa dola: shilingi ikishuka, sisi ndio tunaojazia. Mtoto naye yumo katika Katiba. Ibara ya 11 inataja haki ya kujipatia elimu. Ila Ibara ya 7 ilikwisha kutangulia kusema kwamba masharti ya sehemu ile hayatiliwi nguvu na mahakama yoyote. Wanafunzi wa sheria mlioko nyuma, zisomeni ibara hizo tatu kwa mfuatano, mwone nani ana mdhamini.

Sisemi tusilipe. Dawa ya deni ni kulipa, na mimi namhesabu mtoto wa darasa la pili kuwa miongoni mwa wanaotudai.

Mtauliza fedha zitoke wapi, na mna haki. Tuliwahi kuahidi zaidi kuliko mfuko ulivyoweza kubeba: Azimio la Musoma la 1974, la elimu ya msingi kwa wote, kisha madarasa yakafurika watoto. Ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda, mazao yetu yakakosa bei. Mwaka 1986 tukatia saini na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka ya 1990 tukazoea neno "uchangiaji", neno la adabu sana kwa jambo la kumdai mgonjwa hela kabla hajaonwa na daktari. Wenzangu wengi wanaisoma historia ile kama onyo dhidi ya ahadi. Mimi naona kingine: mambo yalipobana, kisichokuwa na kinga ndicho kilichokatwa kwanza.

Brazil wameweka kinga katika Katiba yao ya 1988: serikali kuu itenge kwa elimu angalau asilimia 18 ya mapato ya kodi, majimbo na manispaa asilimia 25. Sipendekezi tuige asilimia. Zinafunga mikono, na fedha iliyotengwa si fedha iliyofika. Uganda walipofuatilia ruzuku za shule za 1991 hadi 1995 walikuta ni asilimia 13 tu iliyofika shuleni. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na kufikia 2001 kiwango kilikuwa kimepita asilimia 80. Wachumi bado wanabishana kama ni magazeti au mageuzi mengine yaliyokwenda sambamba nayo. Karatasi ukutani ni rahisi; tubandike huku wakibishana.

Ninachoomba ni kidogo kuliko cha Brazil. Sheria ya Bajeti ya 2015 iongezwe kifungu: ruzuku yoyote inayohesabiwa kwa kichwa, ya mwanafunzi au ya kaya maskini, ihuishwe kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei, na Waziri asiyetaka kuihuisha alieleze Bunge sababu, kwa sauti, siku ile ile ya bia na soda. Na kiasi kilichofika kibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule.

Kifungu nimekiandika. Kina mistari minne. Nakala ziko mezani pale mlangoni, pamoja na anwani ya Kamati ya Bajeti.