UTUNZAJI WA BASTOLA ZA ZAMANI: Mazungumzo kwa wamiliki wenye leseni, Mvumi, Dodoma



Nimetakiwa nizungumze juu ya bastola za zamani, ambazo baadhi yenu mnazimiliki kwa mujibu wa sheria.

Bastola ya 1911 ilibuniwa na John Browning, na jeshi la Marekani likaikubali mwaka 1911, baada ya kujaribiwa kwa risasi 6,000 pasipo hitilafu. Browning Hi-Power, yenye magazini ya risasi 13, ilitoka Ubelgiji mwaka 1935. Basi silaha hizi si mbovu kwa asili yake. Zikikwama, aghalabu sababu ni hizi nne.

Ya kwanza ni magazini. Midomo yake ikipinda au springi ikichoka, risasi haipandi sawasawa. Zitieni magazini zenu namba, mzijaribu moja moja katika uwanja wa shabaha. Itakayokosea iwekwe kando.

Ya pili ni risasi. Bastola hizi zilisanifiwa kwa risasi yenye ncha ya mviringo iliyofunikwa kwa madini. Yenye ncha iliyotobolewa huweza kugota kwenye mdomo wa chemba. Risasi zilizoingia unyevu au kutu zisitumike kabisa.

Ya tatu ni vumbi. Nyinyi mnaujua upepo wa kiangazi wa Mvumi kuliko mimi. Mwenye kuimwagia bastola mafuta mengi hudhani anaihifadhi, kumbe vumbi likichanganyika na mafuta huwa tope. Futeni mafuta ya zamani, kisha mpake kiasi kidogo mahali ambapo chuma husuguana na chuma.

Ya nne ni uchakavu wa springi ya kurudishia na kulabu ya kuvutia ganda. Hii ni kazi ya fundi aliyeidhinishwa, si ya tupa ya nyumbani. Hata mkono uliolegea wakati wa kufyatua huweza kuikwamisha bastola nzima.

Ndugu wananchi, silaha inayokwama hudhuru mara mbili. Haimlindi mwenyewe saa ya haja, na humtia taharuki akaigeuzageuza ilhali risasi imo ndani. Ikikwama, elekezeni mtutu mahali pa salama, na kidole kiwe mbali na kifyatulio.

Kabla ya kusafisha, utaratibu ni huu: toeni magazini kwanza, ndipo mvute sehemu ya juu kutoa risasi iliyomo chembani, kisha mtazame kwa macho na kugusa kwa kidole. Mwenye kutanguliza la pili hutoa risasi moja, na nyingine ikapanda mahali pake. Hapo ndipo mtu husema bastola ilikuwa tupu, na jirani yake akazikwa.

Mwisho, nakumbusheni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni ni ya mtu aliyepewa, hairithiwi kama shamba. Mzee akifariki na kuacha bastola, warithi waitolee taarifa kituo cha polisi, wala wasiifiche sandukuni.

Watoto wasijue ilipo, na mwenyewe asisahau.