Maji Yasiyolingana Bustanini
Mazungumzo ya Bwana Shamba na wakulima wa Masumbwe



Mvua zetu huanza Novemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Mpunga ukiisha kuvunwa na majaruba kukauka, mwenye kisima huanza kufikiri habari ya nyanya na kabichi. Siku hizi wengi wenu mmeiweka kando ile keni ya kumwagilia, mkanunua mashine ya maji, mipira na vinyunyizi vya kuzunguka. Jambo hilo ni jema. Lakini nikipita bustanini naona mahali pamoja miche imesimama imara, hatua nne mbele imenyauka, na hatua nne tena pana tope na majani ya manjano. Mwenye bustani huniambia, "Bwana Shamba, mbegu hii mbovu." Mbegu imetoka katika kopo moja, imepandwa siku moja na mkono mmoja, imekuwaje iwe mbovu hapa na njema pale? Tazama maji kwanza.

Nami yafaa niseme kosa langu. Mwaka mmoja bibi mmoja aliniita kwa sababu upande wa chini wa bustani yake ulikuwa mkavu. Nilitazama kwa macho tu, nikamwambia aongeze saa moja ya kumwagilia. Alinisikiliza. Baada ya wiki tatu upande mkavu ulikuwa na nafuu kidogo, lakini nyanya za katikati zilikuwa zimeoza mizizi, na petroli aliyoichoma ilikuwa karibu mara mbili. Kasoro ilikuwa mpira uliokunjika chini ya jiwe. Tangu siku ile sitoi shauri la maji kabla ya kupima.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Kusanya makopo 16 ya namna moja, yenye pande zilizonyooka, yale ya maziwa au ya nyanya. Yapange katika bustani kwa safu 4, kopo na kopo hatua tatu, hata pale unapodhani maji ni mengi. Fungua maji asubuhi kabla ya upepo, acha saa moja, kisha funga. Tia rula katika kila kopo, uandike milimita ulizoziona, na uziandike kwa mpango ule ule wa makopo yalivyokaa, maana karatasi hiyo ndiyo itakayokuonyesha ugonjwa ulipo.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Tuseme bustani ni mita 20 kwa 20, na makopo yanaonyesha mahali pengine milimita 12, pengine 8, pengine 4, na wastani ni 8. Ukitaka yule wa 4 apate 8, itakubidi umwagilie saa mbili. Basi yule wa 12 atapata 24, naye hakuwa na haja hata ya zile 12. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo saa ile ya pili imetoa kisimani lita 3,200, yaani madebe 160. Mwezi wa Septemba, kisima kikiwa kimeshuka, madebe 160 si mchezo.

Na hasara haiishii kisimani. Nyanya iliyokaa na kiu kisha ikanyweshwa kwa wingi hupasuka ngozi. Ile inayopata maji leo na kukosa kesho mara nyingi huoza kitako, yaani hupata doa jeusi chini ya tunda, kwa kuwa maji ndiyo yanayochukua chokaa ya udongoni na kuifikisha kwenye tunda. Nimeona watu wakipulizia doa hilo dawa ya ukungu. Ni fedha iliyotupwa.

Turudi kwenye karatasi. Kama makopo yanapungua kidogo kidogo kutoka penye mashine hadi mwisho wa mpira, nguvu ya maji inaishia njiani. Mpira ni mrefu mno au mwembamba mno. Maji yale yale yakipitishwa katika bomba lenye upana wa nusu hupoteza nguvu zaidi ya mara 20, basi usistaajabu mwisho ukikauka. Tumia bomba nene kwa njia kuu, na uyaingize maji katikati ya bustani ili yagawanyike huku na huku. Kama haiwezekani, funga koki ya nusu ya vinyunyizi, umwagilie nusu bustani leo na nusu kesho.

Kama karibu na kila kinyunyizi pana maji na katikati yao pakavu, umeviweka mbalimbali mno. Pima duara linalolowa. Likiwa na upana wa mita 12, kinyunyizi cha pili kiwe mita 6 kutoka cha kwanza, hata maji ya huyu yafike miguuni pa mwenzake. Watu huona kwamba ni kupoteza, maana pale pamekwisha kulowa. Lakini kinyunyizi kimoja hakigawi sawa peke yake, husaidiwa na jirani.

Wako waliopandisha simtanki juu ya jukwaa la mita 3 wakitumaini vinyunyizi vitazunguka. Havitazunguka vizuri. Vingi vyao hutaka nguvu kama ya maji yaliyo juu mita 20 au zaidi, na nguvu hiyo hutoka kwenye mashine. Simtanki la mita 1 au 2 linafaa kwa mipira ya matone katika bustani ndogo iliyo tambarare. Penye mteremko, laza mipira hiyo kwa kukingama mteremko, la sivyo walio chini watakunywa na wa juu watakosa.

Kopo moja likiwa kavu na majirani wake wote wana maji, tafuta tundu lililoziba. Lisafishe kwa mswaki wa zamani, si kwa msumari. Tundu lililopanuliwa litatoa maji kupita wenzake maisha yake yote. Funga mdomo wa mpira wa kuvutia maji kwenye dumu tupu lielealo, ili usivute tope la chini ya kisima, na uoshe chujio kila siku ya kumwagilia. Hapa niseme neno kwa walio karibu na machimbo: maji ya mialo ya kuoshea dhahabu yasiingie bustanini hata yakionekana meupe. Chujio huzuia mchanga, zebaki haizuii.

Upande mmoja ukikosa, tazama kama kigingi cha kinyunyizi kimelala, au kama ulimwagilia mchana penye upepo.

Yawezekana makopo yakalingana na mimea isilingane. Hapo chimba kwa jembe siku ya pili, uone maji yamefika wapi. Luseni, ule udongo wa kichanga, hunywa upesi na kukauka upesi. Udongo mzito wa mbuga hushika maji siku nyingi. Bustani yenye udongo wa namna mbili itenge mafungu mawili, kila moja na koki yake. Luseni ipewe kidogo mara nyingi, mbuga ipewe kwa nafasi.

Ukiisha kurekebisha jambo moja, rudisha makopo pale pale upime tena kabla ya kugusa jambo la pili. Atakayetaka tupime pamoja aniambie mapema, awe na makopo yake 16 na rula, na mashine iwe tayari saa 12 na nusu asubuhi, maana ikifika saa 3 upepo umeamka na kipimo hakifai tena.