Sherehe za Msimbo: Uhakiki wa Maelezo na Mtindo katika Programu Huria



Utangulizi

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa programu ya ofisi iliyoitwa Jambo OpenOffice. Mtumiaji aliyeifungua alikuta menyu, maagizo na maonyo kwa Kiswahili. Aliweza kuandika barua, kuhifadhi hati na kupanga hesabu bila kupitia Kiingereza. Tukio hilo lilishangiliwa, na lilistahili kushangiliwa. Hata hivyo, programu hiyo ilikuwa na kurasa nyingine ambazo mtumiaji hakuziona. Ndani yake, katika matini ambayo wataalamu huiandika ili kompyuta itende kazi, mlikuwa na maelfu ya mistari ya maelezo kwa Kijerumani. Uso ulisema Kiswahili, lakini moyoni mlikuwa na lugha ambayo wengi wa waliochangia kazi hiyo duniani hawakuijua.

Mhadhara huu unahusu maelezo ya aina hiyo na kazi ya kuyahakiki. Hoja yake kuu ni kwamba maelezo yaliyomo ndani ya msimbo ni mali ya msomaji atakayekuja baadaye kuliko yalivyo mali ya aliyeyaandika. Kwa sababu hiyo, kuyahakiki ni kazi ya lugha, na inawahusu wanaisimu na wahariri wa Kiswahili kama inavyowahusu wanakompyuta.

Sherehe ni nini?

Msimbo ni matini ya maagizo yaliyoandikwa kwa lugha maalumu ambayo hatimaye hugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Programu huitwa huria pale ambapo msimbo wake uko wazi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Katikati ya maagizo hayo mwandishi huweza kuingiza mistari ya lugha ya kawaida, baada ya alama inayoiamuru mashine iipite bila kuisoma. Mistari hiyo ndiyo sehemu ya pekee ya msimbo iliyoandikwa kwa ajili ya binadamu tu.

Msomaji wa diwani na tenzi za Kiswahili analijua neno linalofaa kwa mistari hiyo. Neno sherehe, mbali na maana yake ya karamu na shangwe, lina maana ya ufafanuzi wa maneno magumu unaowekwa mwishoni mwa kitabu. Na asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo ya ufafanuzi. Mhariri wa utenzi wa kale huandika sherehe kwa sababu anajua kwamba msomaji wa leo hakuishi Pate wala Lamu katika zama za mtunzi. Mwandishi wa msimbo yuko katika hali hiyo hiyo. Baada ya miaka mitano yeye mwenyewe atakuwa mgeni katika kazi yake. Donald Knuth, mtaalamu wa Marekani, alikwisha kutetea mwaka 1984 kwamba programu itazamwe kama kazi ya fasihi, na kwamba lengo kuu la mwandishi wake liwe kuwaeleza binadamu kile anachotaka kompyuta ifanye.

Kisa cha maelezo ya Kijerumani

Asili ya maelezo ya Kijerumani yaliyotajwa ni hii. Programu ya StarOffice ilitengenezwa na kampuni ya StarDivision, iliyoanzishwa mjini Lüneburg, Ujerumani, katikati ya miaka ya 1980. Waandishi wake walikaa ofisi moja na walizungumza lugha moja, hivyo wakaandika sherehe zao kwa Kijerumani. Hapakuwa na kosa katika jambo hilo, kwani mtu hueleza vyema zaidi kwa lugha anayofikiria kwayo. Mwaka 1999 kampuni hiyo ilinunuliwa na Sun Microsystems ya Marekani, na mwaka 2000 msimbo ukatolewa hadharani kwa jina la OpenOffice.org. Siku hiyo jamii ya wasomaji ilibadilika. Maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya wenzi wa chumba kimoja yalijikuta mbele ya wasomaji wa dunia nzima.

Mwaka 2010 sehemu kubwa ya jamii hiyo ilijitenga na kuanzisha LibreOffice. Miongoni mwa kazi ilizojipangia ilikuwa kuyatafsiri maelezo ya Kijerumani kwa Kiingereza. Iliandikwa programu ndogo ya kuyasaka kwa kutambua lugha, na kazi yenyewe ikawekwa katika orodha ya kazi nyepesi zinazowafaa wageni. Ilichukua miaka.

Wepesi huo, hata hivyo, ni wa nje tu. Mtafsiri wa sherehe alipaswa kujua Kijerumani, kuelewa agizo lililo chini ya kila maelezo, na kuamua kama maelezo hayo bado yanasema kweli. Kuna mengine ambayo hufaa kufutwa kuliko kutafsiriwa, kwa sababu msimbo uliokuwa ukielezwa umekwisha kubadilika. Hapo ndipo tafsiri inapogeuka kuwa uhakiki.

Kazi ya mhakiki

Katika miradi mingi ya programu huria, badiliko haliingii katika msimbo mpaka mtu mwingine alisome. Mhakiki huyo huuliza kama maagizo ni sahihi, na huuliza pia kama yanasomeka. Kuhusu sherehe, maswali yake makuu ni matatu.

Swali la kwanza ni kama sherehe inaongeza jambo. Agizo linaloongeza moja katika hesabu halihitaji maelezo kwamba hapa moja inaongezwa, kwani msomaji anaona. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, anaonya katika mwongozo wa mtindo wa mradi huo dhidi ya sherehe zinazosimulia jinsi msimbo unavyofanya kazi. Anashauri zieleze kile unachofanya, na mengine yaonekane katika msimbo wenyewe.

Swali la pili ni kama sherehe inaeleza sababu pale ambapo sababu haionekani. Mfano mzuri umo katika programu za majedwali ya hesabu. Jedwali la LibreOffice huhesabu tarehe kuanzia 30 Desemba 1899. Msomaji mgeni akikuta tarehe hiyo bila maelezo, ataidhani kosa. Sababu yake ni ya kihistoria. Programu ya Lotus 1-2-3 iliuchukulia mwaka 1900 kuwa mwaka mrefu wenye siku 366, ilhali haukuwa hivyo. Na Excel ikalifuata kosa hilo kwa makusudi ili majedwali ya zamani yasiharibike. Kwa hiyo katika Excel tarehe 1 Machi 1900 ni siku ya 61, kwa kuwa siku isiyokuwapo imehesabiwa kabla yake. Ukianza na 30 Desemba 1899 na kuhesabu siku za kweli tu, 1 Machi 1900 nayo huangukia namba 61, na tangu hapo majedwali ya pande mbili hulingana. Mgeni mwenye nia njema akiisogeza tarehe hiyo ili ionekane nadhifu, kila tarehe iliyohifadhiwa kwa namba itasogea pamoja nayo: mishahara, madeni na siku za kuzaliwa. Sherehe ya mistari miwili inatosha kuzuia madhara hayo.

Swali la tatu, na ndilo zito zaidi, ni kama sherehe bado ni ya kweli. Mwongozo wa mtindo wa lugha ya Python, uliotolewa mwaka 2001, unasema bila kuficha kwamba maelezo yanayopingana na msimbo ni mabaya kuliko kukosekana kwa maelezo. Mashine haitalalamika, kwa kuwa haiyasomi. Mlinzi wa ukweli wake ni binadamu peke yake. Mhakiki anayepitisha agizo jipya na kuliacha chini ya sherehe ya zamani amemwekea msomaji mtego.

Mtindo na adabu yake

Pamoja na sherehe, mhakiki huangalia mtindo, yaani urefu wa mistari, nafasi za pambizo na majina ya vitu. Mwongozo wa Linux unataka kila hatua ya kuingia ndani iwe na upana wa herufi 8, ili jicho lione mara moja ni agizo gani lililo chini ya jingine. Msimbo uliorithiwa na LibreOffice una desturi ya kuanza jina la kitu kwa herufi inayoonyesha aina yake, kama vile n kwa namba na b kwa jambo ambalo ama ni kweli au si kweli. Msemaji wa Kiswahili hataona ajabu, kwani amezoea ki- na vi- mwanzoni mwa neno, zinazompa habari kabla hajafika kwenye shina.

Mambo haya huonekana madogo, nayo huzua ugomvi mkubwa. Mwanafunzi anayeleta mchango wake wa kwanza na kurudishiwa masahihisho kumi kuhusu nafasi na nukta huweza kuondoka asirudi tena. Busara ya mhariri ni kutofautisha kanuni iliyokubaliwa na pendeleo lake binafsi, kutaja sababu ya kila sahihisho, na kuihakiki kazi bila kumgusa mtu.

Ngeli na sherehe kwa wafasiri

Liko eneo moja ambapo sherehe ya msimbo huamua usahihi wa Kiswahili chenyewe. Mfasiri wa programu kwa kawaida haoni skrini nzima. Hupewa orodha ya maneno na sentensi zilizochomolewa katika msimbo. Akikuta neno moja tu la Kiingereza, All, afanye nini? Kwa Kiswahili watumiaji ni wote, hati ni zote, viungo ni vyote, majedwali ni yote. Neno New nalo humdai achague kati ya mpya, jipya na kipya. Kiingereza hakina upatanisho wa aina hiyo, na mwandishi wa msimbo aliyekulia humo hawezi kukisia kwamba neno lake limekuwa fumbo.

Dawa ipo. Mfumo wa gettext, unaotumika katika programu nyingi huria, unawezesha sherehe iliyoandikwa juu ya neno katika msimbo kusafiri pamoja na neno hilo hadi kwenye faili la mfasiri. Mstari mmoja unaosema kwamba neno hili linahusu viungo humwondolea mfasiri kubahatisha. Ukikosekana, mtumiaji wa Tanga au Mombasa ataona watumiaji wakiitwa zote, naye atasema kwamba Kiswahili hakifai kwa kompyuta. Lugha italaumiwa kwa upungufu wa sherehe. Ndiyo maana mfasiri wa Kiswahili anayeomba maelezo yaongezwe katika msimbo anafanya uhakiki halali, na wahakiki wa mradi hawana budi kumsikiliza.

Lugha ya sherehe

Linabaki suala la lugha ya kuandikia. Mwongozo wa Python uliotajwa unawaomba waandishi wa nchi zisizozungumza Kiingereza waandike sherehe kwa Kiingereza, isipokuwa wawe na uhakika wa asilimia 120 kwamba msimbo hautasomwa na mtu asiyeijua lugha yao. Miongoni mwa waliouandika ni Guido van Rossum, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiholanzi. Na lugha ya kwanza ya Torvalds ni Kiswidi. Watu hao walijiwekea wenyewe sharti hilo.

Kisa cha Lüneburg kinaunga mkono ushauri huo kwa upande mmoja. Msimbo unaotarajiwa kuzunguka dunia ubebe sherehe katika lugha ya wengi. Lakini kisa hicho hicho kina funzo la pili: Kijerumani hakikuizuia StarOffice kuandikwa, na kilipokuja kuwa kikwazo kilitafsiriwa. Mwalimu wa sekondari anayewafundisha vijana kuandika programu yao ya kwanza, au ofisi inayojitengenezea programu ya kumbukumbu zake kwa wasomaji wa Kiswahili, haina sababu ya kuandika sherehe kwa Kiingereza kibovu ilhali Kiswahili safi kipo. Sherehe isiyoeleweka na msomaji wake aliyekusudiwa haijaeleza kitu, hata ikiwa katika lugha kubwa namna gani.

Hitimisho

Jambo OpenOffice ilikuwa kazi ya uso wa programu, na ilifungua mlango. Kazi ya ndani inahitaji ujuzi ambao idara za Kiswahili zinao tayari, yaani kujua msomaji ni nani, kupima kama maelezo ni ya kweli, na kuondoa ya ziada. Vyuo vikuu vingefanya vyema kumfundisha mwanafunzi wa isimu kusoma msimbo kidogo, na mwanafunzi wa kompyuta kuhariri matini kidogo, ili wakutane juu ya mstari ule ambao mashine huupita na binadamu huutegemea.