Moyo Wako: Ukilala, Ukikaa, Ukisimama



Kabla ya kusoma mbele, fanya kazi ndogo. Lala chali kitandani ao pa mkeka, utulie dakika tano. Kiisha weka vidole viwili vya mkono wa kuume juu ya kiwiko cha mkono wa kushoto, pale karibu na kiganja, upande wa kidole gumba. Utasikia mshipa unapiga. Hesabu mapigo kwa dakika moja nzima, uandike. Sasa simama wima, ungoje dakika moja, uhesabu tena, uandike.

Utaona hesabu mbili haziko sawa. Moyo wa mtu mzima akitulia unapiga kati ya 60 na 100 kwa dakika. Akisimama, mapigo yanaongezeka kama 10 ao 20. Hukukimbia, hukubeba gunia, hukuogopa kitu. Umesimama tu. Juu ya nini moyo umebadilisha mwendo?

Neno moja kwanza. Hapa kwetu Katanga wengi wanauita moyo "roho", wanasema "roho inanipika." Katika karatasi hii tunasema moyo, maana yake ile nyama iliyo ndani ya kifua, kubwa kama ngumi yako. Habari ya roho tunawaachia padiri na pasta.

MOYO UKO NA UMEME WAKE

Moyo haungoji ubongo uuambie kila mara "piga." Juu, katika chumba cha kuume, kuna mahali padogo panapotoa cheche ya umeme penyewe, usiku na mchana. Keith na Flack walipaandika huko Uingereza mwaka 1907. Cheche ile inaenea katika vyumba viwili vya juu, inakawia kidogo kwenye mlango wa katikati, karibu sehemu ya kumi ya sekunde, kiisha inashuka kwa nyuzi mpaka vyumba vikubwa vya chini. Nyama inakaza, damu inasukumwa. Umeme huo ni mdogo sana, hauwezi kuwasha hata tochi. Lakini unafika mpaka kwenye ngozi, na mashine inaweza kuuona.

Ubongo hauwashi cheche, lakini unatawala mwendo wake kwa njia ya neva. Neva nyingine ni kama breki ya kamio, nyingine ni kama pedali ya mafuta. Ukilala na kutulia, breki imekanyagwa polepole. Ukisimama, damu kama nusu lita ao kupita inateremka tumboni na miguuni, kwa sababu damu nayo ni maji, inafuata bonde. Damu inayorudi kwenye moyo inapungua. Katika mishipa mikubwa ya shingo na ya kifua kuna walinzi wanaopima nguvu ya damu. Wanapeleka habari, na kwa sekunde chache tu breki inaachiliwa, mafuta yanakanyagwa, mishipa ya miguu inajikaza. Ndiyo maana kichwa chako hakikukosa damu ulipoamka asubuhi.

MTU ANAYEANGUKA KATIKA MSTARI

Wewe mtu wa Mokambo unajua mstari wa mpakani. Mtu anasimama tangu asubuhi kungoja kuvuka upande wa Mufulira, jua la mwezi wa kumi liko juu ya kichwa, hajanywa maji. Damu inakaa miguuni. Mara neva ya breki inakanyagwa kwa ghafula, moyo unakawia, mishipa inalegea. Macho yanaona giza, jasho la baridi linatoka, mtu anaanguka.

Watu wanafanya nini? Wanakimbia, wanamshika makwapani: "Mumusimamishe! Mumukalishe pa kiti!" Hapana. Mwili umejiangusha ili damu irudi kwenye kichwa, nanyi munauinua tena! Mwache alale chini kivulini. Inua miguu yake juu ya mfuko ao juu ya magoti yako. Legeza mkaja na kola. Usimtilie maji kinywani kabla hajaamka vizuri. Wengi wanafumbua macho kwa muda mfupi, mbele ya dakika moja kuisha.

Lakini angalia jambo hili, ni kubwa kuliko yote ya sehemu hii: mtu alikuwa namna gani alipozimia? Aliyezimia amesimama kwenye jua, mara nyingi habari yake ni ile tuliyoeleza. Aliyezimia akiwa amelala, ao akiwa anakimbia na kubeba, huyo ni mwingine. Damu haikuteremka miguuni kwa aliyelala. Pengine ni umeme wenyewe wa moyo uliokatika ao uliokwenda mbio kupita kiasi. Yule alete hospitali siku ileile, hata kama ameamka na anasema "niko muzuri." Na umwambie munganga: alikuwa amelala.

Wanaomeza dawa za tansio, wazee, wenye kuharisha, wenye malaria, na zaidi wale wanaopewa kinini, damu yao inakawia kufuata wanapoinuka. Hao wasiruke kitandani. Wakae kwanza ukingoni, wachezeshe miguu, ndipo wasimame. Munganga akikupima tansio umelala, kiisha akakusimamisha na kukupima tena, usifikiri amesahau. Namba ya juu ikishuka 20 ao zaidi ndani ya dakika tatu, ameona kitu.

MASHINE INAYOANDIKA UMEME

Ukitumwa Lubumbashi kupimwa moyo, utaona mashine yenye nyuzi kumi. Nyuzi nne zinafungwa mikononi na miguuni, sita zinabandikwa kifuani. Mashine inatoa karatasi yenye mistari, jina lake elektrokadiogramu. Watu wengine wanaogopa: "Ile mashine itanipiga kuran." Hapana, ndugu. Mashine hii haitii umeme mwilini. Inasikiliza tu ule ulio wako.

Mholanzi mmoja, Willem Einthoven, ndiye aliyeitengeneza vizuri, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ya kwake ilikuwa kubwa ya kujaza chumba, na mgonjwa alikaa kitini na mikono miwili na mguu mmoja ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Mwaka 1913 yeye na wenzake wawili waliandika kwamba moyo ukigeuka mahali pake kifuani, mistari ya karatasi nayo inageuka. Mwaka 1924 alipewa zawadi ya Nobel.

Maana moyo haukupigiliwa misumari. Unaning'inia kifuani kati ya mapafu. Ukilalia ubavu wa kushoto, unasogea kushoto. Ukivuta pumzi nyingi, sakafu ya kifua inashuka na moyo unasimama wima zaidi. Mimba kubwa inausukuma juu na kushoto. Ni kama kupiga picha ya nyumba. Ukiipiga toka barabarani inaonekana namna moja, toka nyuma namna nyingine, na nyumba ni ileile. Munganga asiyejua ulikuwa umelala ubavu anaweza kufikiri moyo wako umeharibika.

Kwa hiyo unaambiwa: lala chali, usiseme, usijikaze, pumua polepole. Hata kutetemeka kwa baridi kunaandikwa kwenye karatasi, kwa sababu nyama za mikono nazo ziko na umeme. Kama huwezi kulala chali, sema. Watakupima umekaa, na wataandika "amekaa." Karatasi ya zamani itunze, usifungie karanga ndani yake. Karatasi mbili zilizofanywa kwa namna moja zinasema mengi zikiwekwa pamoja.

MOYO UNAOKIMBIA WENYEWE

Kuna watu ambao moyo unaanza mbio kwa ghafula, mapigo 150, 180, hata 200 kwa dakika, na mtu amekaa tu. Katika ugonjwa mmoja wa namna hii umeme umepotea njia, unazunguka na kuzunguka kama kamio iliyokosa kutoka kwenye ronpwe. Munganga akiutambua kwa mashine, anaweza kumwambia mgonjwa apulize kwa nguvu katika bomba la sindano kwa sekunde 15.

Mwaka 2015 waganga wa Uingereza walitangaza jaribio la wagonjwa 428. Nusu yao, 214, walipuliza na kubaki wameegama: 37 walipona palepale. Nusu ya pili walipuliza vilevile, kiisha wakalazwa chali kwa upesi na miguu ikainuliwa sekunde 15: walipona 93. Pumzi ni ileile, bomba ni lilelile. Miguu iliinuliwa, damu ikarudi kwa wingi kifuani, neva ya breki ikakanyaga. Haikulipwa hata faranga moja zaidi. Usijaribu nyumbani bila kupimwa, maana si kila moyo unaokimbia uko na ugonjwa huu.

ASIYEWEZA KULALA

Sasa tunafika kwa wale tunaowapata wamechelewa.

Mtu anasema: "Munganga, nikilala ni kama mutu ananikalia pa kifua." Anaongeza muto mmoja, miwili, mitatu. Mwisho analala amekaa, kichwa juu ya meza. Pengine anapata usingizi saa moja ao mbili, anaruka akitafuta hewa, anafungua mlango wa nje. Asubuhi jirani wanasema, "Balimuloga, kuko kintu kinamukaba usiku."

Fikiri tena ile nusu lita. Mtu akilala, damu ya miguu inarudi yote kifuani. Moyo wenye nguvu unaisukuma. Moyo dhaifu unashindwa, damu inajaa nyuma yake, maji yanaingia katika mapafu. Akikaa, damu inateremka, anapumua. Hakuna mtu anayemkaba. Ni uzito wa damu yake mwenyewe, na dawa iko.

Mama aliyezaa tuangalie kwa macho mawili. Kuna ugonjwa unaodhoofisha moyo mwishoni mwa mimba ao katika miezi mitano ya kwanza nyuma ya kuzaa, hata kwa mama kijana ambaye hajaugua kamwe. Miguu inavimba, anakohoa usiku, hawezi kulala chali. Mama mkwe anasema ni uchovu wa mtoto. Uchovu unamlaza mtu, haumkalishi! Mama anayenyonyesha na kulala amekaa, mulete. Wengi wanaopata dawa mapema moyo wao unarudia nguvu. Wanaongojea miezi, wengine hatuwaoni tena.

Mwenye mimba aliyepita mwezi wa tano yeye naye asilale chali muda mrefu, lakini kwa sababu nyingine: mtoto analalia mshipa mkubwa unaorudisha damu, na mama anasikia kizunguzungu. Alalie ubavu, wa kushoto ni bora.

Na mtoto mdogo anayeacha mchezo kila mara, anachuchumaa, midomo imekuwa ya bluu, usimpige kwa kusema ni mvivu. Alizaliwa na moyo wenye kasoro, na mwili wake wenyewe umemfundisha kwamba akikunja magoti, damu inakwenda zaidi kwenye mapafu. Mulete na huyo.

Munapomleta asiyeweza kulala, musimlaze nyuma ya gari juu ya mkeka na kumfunika, hata kama mnaona huruma. Wengine wanakufa njiani kwa hiyo. Akae kiti cha mbele, ameegama, miguu chini, dirisha wazi. Kama kuko kinga tu ya nyuma, mtu mmoja akae mgongoni mwake amtegemeze. Mukifika mlangoni, hata kabla ya kutafuta karte yake, mwambieni munganga: huyu halali, na ni siku ngapi sasa.