Kielezi "literally" na visawe vyake mezani pa mfasiri



Ukifungua kamusi ya visawe ya Kiingereza penye kielezi "literally", unapewa msururu: "actually", "really", "truly", "exactly", "verbatim". Mfasiri mwenye haraka huokota kimojawapo, akaandika "kihalisia" au "kwa hakika", akasonga mbele. Hoja yangu ni kwamba orodha ile hutaja majirani wa neno, haitaji kazi yake. Kielezi hiki kina kazi zaidi ya moja, na kila kazi ina jibu lake katika Kiswahili. Mara nyingi jibu ni kukiacha.

Kazi ya asili haina utata. Neno limetokana na "littera" ya Kilatini, yaani herufi, na lilihusu kufuata maandishi kama yalivyo. Aliyefasiri methali "literally" ameifasiri sisisi, neno kwa neno. "Verbatim" ipo karibu, ila hiyo ni ya kunukuu kauli ya mtu bila kuongeza wala kupunguza. Hapa kamusi zetu zinatosha.

Kazi ya pili ndiyo yenye hatari. Hapo msemaji anatwambia kwamba maneno ambayo kwa kawaida ni nahau, leo yametokea kweli. Shahidi anaieleza mahakama kwamba mwenye nyumba "literally threw me out". Je, aliambiwa ahame, au alishikwa mabega akarushwa nje? Kwa hakimu hayo ni mambo mawili: mgogoro wa upangaji na shambulio la mwili. Mkalimani akisema tu "alinifukuza", ameifuta jinai iliyodaiwa. Akisema "alinibeba akanitupa nje", huenda ameibuni. Hana haki ya kuchagua mwenyewe. Aiombe mahakama ruhusa ya kumuuliza shahidi.

Kwa nini shahidi asiaminiwe moja kwa moja? Kwa sababu ya kazi ya tatu, ya kutia chumvi. Wapo wanaodhani huu ni uharibifu wa vijana na simu zao. Sivyo. Frances Brooke alilitumia neno hivyo katika riwaya yake ya mwaka 1769, The History of Emily Montague, na baada yake Charles Dickens na Mark Twain wakafanya vilevile. Mwaka 1909 Mmarekani Ambrose Bierce alitoa kitabu cha kusahihisha lugha na kuyakemea matumizi hayo: kutia chumvi ni kubaya, alisema, lakini kuithibitisha chumvi kuwa kweli hakuvumiliki. Mwaka huohuo kamusi ya Merriam-Webster iliyaingiza. Oxford English Dictionary iliyatambua ilipopitia upya kidahizo hicho mwaka 2011, na magazeti yalipogundua mwaka 2013 zogo likazuka, kana kwamba kamusi ndiyo iliyolianzisha jambo.

Bierce alikuwa na sikio zuri, ila kesi yake ilikuwa imeshashindwa. Maneno ya kuthibitisha ukweli huchakaa yakabaki ya kukazia tu. "Very" ilitoka katika Kifaransa cha kale ikiwa na maana ya "kweli", na leo hakuna Mwingereza anayeusikia ukweli ndani yake. "Really" imepita njia hiyohiyo. Nasi pia: "jua kali kweli kweli" haimjibu mtu aliyebisha kwamba jua si kali. "Wallahi" ni kiapo kizito mbele ya kadhi. Barazani hukolezea habari za mpira.

Basi chumvi ya Kiingereza tuitafutie chumvi yake kwetu, na bahati nzuri hazina yetu ni kubwa. Uwanja uliokuwa "literally packed" ulijaa pomoni. Aliyekuwa "literally soaked" alilowa chapachapa. Ukimya ni kimya jii, weupe ni pe, weusi ni tii, usingizi ni fofofo. Vielezi hivi havidai kuthibitisha lolote. Vinakaza tu, na ndicho tunachotaka. Anayedai kwamba "literally" alikufa kwa kicheko, kwetu amecheka nusura afe. Ile "nusura" inanipendeza: msemaji anatia chumvi huku akikiri kwamba ni chumvi. Mhariri anayeweka "kihalisia" hapo anamfanya marehemu azungumze.

Katika mazungumzo ya kila siku, hasa Uingereza, neno hili pia hupunguza badala ya kukuza. "I've literally just arrived" ni "ndio kwanza nafika". "Literally two minutes" ni "dakika mbili tu", nazo kwa kawaida huzidi mbili. "Actually" isijaribiwe hapa. Hiyo hupenda kukosoa dhana ya msikilizaji, na "actually, I've just arrived" ni jibu la mtu aliyeambiwa kwamba yupo tangu asubuhi.

Kwa kazi ya vikundi nimechagua sentensi moja: "We are literally running out of cash." Kundi la kwanza lichukulie kwamba anayesema ni mzazi mwenye ada tatu za shule. Kundi la pili, ni meneja wa tawi la benki siku ya mishahara. Kundi la tatu, ni mkurugenzi wa benki hiyohiyo akihojiwa redioni. Kila kundi lilete tafsiri yake, pamoja na swali moja ambalo lingemuuliza msemaji kabla ya kuichapisha.