Kipande cha Wavu

Hotuba ya walimu katika maadhimisho ya Siku ya Wanawake Duniani, tarehe 8 Machi



Sisi walimu tuliombwa tutoe mfano wa mwanamke ambaye wasichana wetu wanaweza kujifunza kwake. Tumemchagua Dawn Staley wa Marekani, aliyekuwa mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu na baadaye akawa kocha. Hatukumchagua kwa sababu ya medali zake. Maisha yake yanajibu swali ambalo sisi wa kambi hii bado hatujalijibu: msichana anayejua kucheza aupeleke wapi ujuzi wake?

Staley alizaliwa tarehe 4 Mei 1970 mjini Philadelphia, akiwa kitinda mimba katika watoto watano. Familia yake iliishi katika nyumba za serikali zilizojengwa kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Mama yake, Bi. Estelle, alikuwa amehama kutoka jimbo la South Carolina, kusini mwa nchi hiyo. Katika viwanja vya mtaani walicheza wavulana, naye akaingia kucheza nao. Mchezo huu hupenda watu warefu, lakini yeye ana kimo cha mita 1.68 tu. Kazi yake ilikuwa kuongoza wenzake na kuwagawia mpira.

Alisoma Chuo Kikuu cha Virginia tangu 1988 hadi 1992. Mara tatu timu yake ilifika nusu fainali ya taifa, na kombe hawakulipata. Mwaka 1991 na 1992 alitangazwa mchezaji bora wa vyuo vyote nchini. Lakini alipomaliza masomo, Marekani haikuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake. Mchezaji bora wa taifa ikambidi akatafute riziki ugenini: Ufaransa, Italia, Uhispania na Brazil. Sisi tulio hapa tunaelewa maana ya kutafuta riziki ugenini.

Mwaka 1996 alikuwa katika timu ya Marekani kwenye Olimpiki ya Atlanta. Wengi wetu tuna sababu ya kukumbuka mashindano hayo, maana Zaire ilipeleka wasichana wake huko. Marekani iliwafunga pointi 107 kwa 47, kisha ikatwaa dhahabu. Katika timu ile ya Zaire alikuwamo Mwadi Mabika, binti wa Kinshasa. Ligi kubwa ya wanawake ya Marekani, WNBA, ilianza mwaka 1997, na Mabika akaingia timu ya Los Angeles Sparks. Staley aliingia ligi hiyo mwaka 1999 katika timu ya Charlotte Sting. Mwaka 2001 timu hizo mbili zilikutana katika fainali, na safari hii kombe lilikwenda kwa timu ya Mabika. Vijana, aliyefungwa jana si lazima afungwe kesho.

Sasa tufike kwenye jambo tulilotaka kulisema. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Temple, mjini kwao Philadelphia, kilimwomba Staley awe kocha. Mwanzoni hakuitaka kazi hiyo, kwani alikuwa bado mchezaji. Mwishowe alikubali, akafanya kazi zote mbili. Majira ya baridi alifundisha wanafunzi, majira ya joto alicheza ligi. Aliendelea hivyo hadi alipostaafu kucheza mwaka 2006. Katika muda huohuo aliongeza medali mbili za dhahabu za Olimpiki, mwaka 2000 na 2004. Mwaka 2004 mjini Athens wanamichezo wenzake walimchagua kubeba bendera ya taifa lao. Hakungoja miguu ichoke ndipo aanze kufundisha.

Mwaka 2008 alihamia Chuo Kikuu cha South Carolina, katika jimbo lile ambalo mama yake alitoka. Msimu wa kwanza walishinda michezo 10 na kushindwa 18. Hakukata tamaa. Mwaka 2017 timu yake ikawa bingwa wa vyuo vya Marekani, ikarudia mwaka 2022, na tena mwaka 2024 bila kupoteza hata mchezo mmoja kati ya 38. Mwaka 2021 aliongoza timu ya taifa kushinda dhahabu katika Olimpiki ya Tokyo. Na mwaka 2025 binti wa Kenya, Madina Okot, alijiunga na timu yake ya chuo.

Huko Marekani wanaoshinda kombe hukata wavu wa goli, kila mtu akachukua kipande. Carolyn Peck alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kufundisha timu ikawa bingwa wa vyuo hivyo, mwaka 1999. Alimpa Staley kipande cha wavu wake ili kimtie moyo. Staley alipokuwa bingwa mwaka 2017 hakusahau. Baadaye aliukata wavu wake na kuwapelekea vipande makocha wanawake weusi wenzake.

Ndugu zetu, turudi kambini. Wasichana wetu wanacheza vizuri. Lakini mmoja akiolewa, mwingine akipata safari ya kwenda nchi ya tatu, mwingine akirudi nyumbani na wazazi wake, ujuzi wote unaondoka naye. Wanaowafundisha wote ni wanaume. Mzazi mmoja alituambia, "Binti yangu hatafundishwa na kijana nisiyemjua." Hatumlaumu. Kosa ni letu walimu pia, kwani tuliwaambia wasichana wakubwa wacheze tu, kufundisha kutakuja baadaye. Hapa kambini hakuna ajuaye kama hiyo baadaye itamkuta.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, Kamati iteue wasichana wanne wanaocheza sasa, wawafundishe wadogo zao kila Jumamosi. Pili, akina mama waliocheza kabla ya kukimbia nyumbani wajitokeze, hata kama ni kusimama kando ya uwanja tu, ili wazazi wawe na imani. Tatu, ndugu zetu wa mashirika, tunashukuru kwa mipira mnayotuletea, lakini yakitokea mafunzo ya makocha, msipeleke majina ya wanaume peke yao.

Tunajua kuna maji ya kuchota na kuni za kutafuta. Hatuombi binti aache kazi za mama yake. Tunaomba saa moja na nusu kwa juma, na kaka yake achukue ndoo siku hiyo.

Ninyi wasichana, wavu wa goli letu umechakaa, wala hatujawa mabingwa wa kuukata. Lakini mnalojua leo ndicho kipande chenu. Mpeni mdogo wenu kabla hamjaondoka.