Risiti ni ya mnunuzi

Mlinzi wa duka kubwa la Kahama au Geita akichora mstari wa kalamu kwenye risiti yako mlangoni, analinda mali ya tajiri wake. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi huanza anapotia mkono kwenye mfuko wako bila ridhaa, maana ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, na mlinzi si polisi. Wenye maduka watasema wizi umezidi. Sawa, basi anayeshukiwa kwa sababu ya maana aitiwe polisi, aliyelipa apite. Risiti ya mashine ya EFD tunahimizwa kuidai kwa ajili ya kodi, lakini ndiyo pia ushahidi wako wa ununuzi, tochi uliyonunua ya machimboni ikigoma kuwaka. Ipige picha mapema: karatasi ile ikikaa, maandishi hufifia.